Umefunga klachi ngumu na gari linasumbua? Usikimbilie kushusha giaboksi

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee magari. Kuna swali limeniandama karibu mwezi mzima. Washkaji wa Pasua, wa Soweto, hata mmoja wa Marangu, wote wananiuliza kitu kile kile: "Nimeweka klachi mpya ya hevi-duti, hela imetoka ya kutosha, mbona gari limekuwa baya kuliko mwanzo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Anayetaka aprinti abaki nayo kwenye dashibodi.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi wa cheti. Nimemaliza shule, nashinda gereji ya mtaani nikishika tochi na kupitisha spana, na hili somo nililipata kwa machungu ya familia.

Mjomba wangu ana Land Cruiser pikapu, ile ya mkonga, injini ya 1HZ. Kazi yake ni kushusha ndizi kutoka Kibosho mpaka soko la Mbuyuni, kisha kupandisha saruji, pumba na mbolea. Watu wanadhani kushuka na ndizi ndiyo kazi. Kazi ni kupanda na saruji, tena masika, barabara ya udongo ikiwa imelainika kama sabuni. Klachi ya zamani ilipoisha, akashauriwa asiweke ya kawaida, aweke ngumu, ile ambayo presha pleti yake inabana kwa nguvu zaidi. Akaweka. Siku ya nne, yuko kwenye mwinuko na mzigo, akasimama kupisha lori linaloshuka. Anakanyaga klachi aingize namba moja, gia inalia krrrrr, haiingii. Anajaribu tena, krrrr. Mguu wa kulia uko kwenye breki, na hendibreki ya lile gari ni ya kubembeleza. Akaachia breki kidogo ajaribu kuiwahi gia, gari likaanza kurudi nyuma. Juu ya saruji wamekaa vijana wawili, na nyuma ya gari kuna kina mama wanatoka shamba na majani ya ng'ombe kichwani. Utingo akaruka na jiwe, akalipiga chini ya tairi. Gari lilirudi kama mita mbili hivi, jiwe likashika.

Baada ya hapo giaboksi ilishushwa mara mbili. MARA MBILI, na kila mara ufundi unalipwa upya. Kila mara klachi inaonekana nzima, inarudishwa, kesho yake gia zinalia tena. Mara ya tatu alikuja mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Hakugusa giaboksi. Alikanyaga pedali mara tatu haraka haraka, akaingiza rivasi, ikaingia laini kama siagi. Akalala chini ya gari, akafunua kimpira cha silinda ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi, na mafuta yakamdondokea kidoleni. Akasema, "Klachi yenu haina tatizo. Mmeipa mkubwa kazi ya kusukuma jiwe wakati mkono wake umeoza."

Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kabla ya kitu kingine chochote.

KWA NINI KLACHI NGUMU INAFICHUA MAGONJWA YA ZAMANI

Klachi ni sahani, ndiyo klachi pleti, iliyobanwa katikati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ikibanwa, nguvu ya injini inapita kwenda giaboksi. Ukikanyaga pedali, silinda iliyo juu karibu na pedali inasukuma mafuta ya breki kwenye bomba, mafuta yanasukuma silinda ya chini, silinda ya chini inasukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, na beringi inakandamiza vidole vya presha pleti mpaka sahani inaachiwa. Safari yote hiyo ikipungua milimita chache tu mahali popote, sahani haiachiwi sawasawa. Inaendelea kukwaruza flaiwili, inazungusha giaboksi, gia zinalia.

Sasa presha pleti ngumu maana yake springi yake ina nguvu zaidi. Ili kuikandamiza, presha ya mafuta kwenye bomba lazima iwe kubwa zaidi. Zile siili za silinda zilizokaa miaka 15 zilikuwa zinaimudu springi ya zamani iliyochoka. Springi mpya ikija, zinaanza kuvujisha, au mafuta yanapenya pembeni ya pistoni na kurudi kwenye kopo bila hata tone moja kuonekana nje. Hozi ya mpira nayo ikiwa imezeeka inavimba kama puto kila ukikanyaga, na ule uvimbe ni safari ya pedali iliyopotea. Kwa hiyo klachi mpya haijaleta ugonjwa, imeukuta.

Ndiyo maana nasema giaboksi iwe ya mwisho. Kushusha giaboksi ya Land Cruiser kwenye gereji ya chini ya mwembe ni siku nzima, watu watatu, kamba na magogo. Vipimo nitakavyovitaja hapa havihitaji hata spana, karibu vyote.

GIA HAZIINGII AU ZINALIA

Huu ndio ugonjwa namba moja baada ya kufunga klachi ngumu. Weka gari sehemu TAMBARARE, mbele pasiwe na mtu wala ukuta.

Zima injini, pitia gia zote. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zikilia ikiwa imewashwa, giaboksi haina kosa, klachi ndiyo haiachii. Zikiwa ngumu hata injini ikizimwa, angalia mambo ya stiki ya gia na giaboksi yenyewe.

Washa injini, ukiwa huru kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka kumi, ndipo uingize rivasi. Kwa nini rivasi? Kwa sababu kwenye magari mengi rivasi haina singronaiza ya kuisaidia, kwa hiyo haijui kudanganya. Ikilia, sahani bado inazunguka.

Kisha rudia baada ya kupampu pedali mara tatu. Hapa ndipo pa kukata kesi. Ikiwa kupampu kunasaidia, tatizo liko kwenye mafuta: kuna hewa, siili zimekufa, au hozi imechoka. Ikiwa kupampu hakubadilishi kitu kabisa, hapo ndipo unaanza kuhofia vya ndani. Mafundi wawili wa kwanza wa mjomba wangefanya hiki kitu cha dakika moja, hela isingepotea.

Kipimo kingine ni cha silinda ya juu. Gari likiwa tambarare, injini inawaka, weka namba moja huku umekanyaga klachi na breki. Legeza breki taratibu, mguu wa klachi ubaki chini bila kuuchezesha. Gari likitulia sekunde chache halafu likaanza kutambaa lenyewe, mafuta yanapenya ndani ya silinda ya juu. Hutaona tone lolote chini. Angalia pia juu ya pedali, ndani ya gari, pale bomba la silinda linapotokea ukutani. Mara nyingi rangi imebabuka na kapeti lina unyevu, na dereva anadhani ni maji ya mvua!

Kama utabadili siili, badili za juu na za chini kwa pamoja. Ukibadili moja, baada ya muda mfupi nyingine inafuata, maana sasa ndiyo dhaifu. Na kama ukuta wa silinda una mikwaruzo au kutu, kiti ya siili ni kupoteza muda, nunua silinda nzima.

Kutoa hewa kila mtu anadhani anajua, lakini nimeona wengi wanakosea. Mtu mmoja akanyage pedali taratibu mpaka chini na kushikilia. Wa chini afungue kiskurubu, mafuta na mapovu yatoke kwa kimrija kilichozama kwenye chupa yenye mafuta, AFUNGE, ndipo wa juu aachie pedali. Akiachia kabla ya kufungwa, inavuta hewa upya na mtashinda hapo. Kopo la juu lisikauke. Weka mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini wala haidroliki kwa kisingizio cha "yote ni mafuta", siili zitavimba na utarudi hapa hapa kuniuliza. Na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo lile kopo lililokaa wazi stoo tangu mwaka juzi mwachie aliyelihifadhi.

Mkimaliza, mmoja akanyage, mwingine apime kwa rula kile kijiti cha silinda ya chini kinasogea kiasi gani. Andika. Pampu mara tatu, pima tena. Vipimo vikifanana, hewa imekwisha. Cha pili kikizidi, bado ipo.

KLACHI MPYA, LAKINI INATELEZA

Hii inauma zaidi, maana umenunua klachi ngumu ili isiteleze. Dalili yake ni injini kupiga kelele na gari kutoongeza mwendo, halafu harufu ya kuungua inaingia ndani.

Kuipima, tafuta barabara nzuri yenye mwinuko wa wastani na isiyo na watu. Ukiwa kwenye gia namba nne au tano na mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka juu huku mwendo uko pale pale, inateleza. Usipime kwa gia namba moja, hapo klachi haibebi mzigo mkubwa na inaweza kukudanganya. Pima mara moja au mbili tu, usiigeuze mchezo, kila mtelezo unakula sahani.

Sababu ya kwanza ya kuangalia tena siyo ndani, ni PEDALI. Sikiliza kisa cha mshkaji mmoja wa hapa mjini. Klachi yake ilikuwa inashika chini sana, fundi akaingia chini ya dashibodi akarefusha kijiti cha kusukumia silinda mpaka pedali ikawa inashika juu. Freshi! Asubuhi gari safi. Saa sita mchana, injini ikishapata moto, klachi inateleza. Jioni ikipoa inapona. Wakaanza kusema sahani ni feki.

Kumbe ndani ya silinda ya juu kuna kitundu kidogo ambacho mafuta yanarudia kwenye kopo ukiachia pedali. Kijiti kikirefushwa kupita kiasi, pistoni hairudi mpaka mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma rilizi beringi kidogo kidogo, ni kama mtu amekaa na mguu kwenye klachi siku nzima. Ndiyo maana pedali lazima iwe na uhuru kidogo kabla haijaanza kubana. Kwa Toyota nyingi kitabu kinataka uhuru wa milimita 5 mpaka 15 pale unapokanyagia. Ukikuta sifuri, umempata mwizi. Mshkaji alirudisha kijiti kwa mizunguko michache ya spana, gari likapona kwa bei ya soda.

Kama pedali iko sawa na bado inateleza, kuna mambo matatu ndani: sahani imepata oili, flaiwili haikukerezwa, au sahani iliunguzwa kabla haijazoea. Oili unaweza kuinusa. Chini ya kasha la klachi magari mengi yana kitundu cha kutokea uchafu. Chomeka waya wenye kitambaa, vuta, nusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Ya kwanza inatoka kwenye siili ya mbele ya giaboksi, ya pili siili ya nyuma ya injini. Sahani ya nyuzi iliyolowa oili haifuliki kwa petroli ikarudi kama mpya, wala usimwamini anayekuambia hivyo.

GARI LINATETEMEKA LIKIONDOKA

Usiogope haraka. Klachi mpya ya hevi-duti inaweza kutetemesha kidogo siku za mwanzo, na zipo ambazo kutetemeka ndiyo tabia yake mpaka zinakufa. Hapa inabidi ujue umeuziwa sahani ya aina gani.

Kuna sahani ya nyuzi, ile ya kawaida lakini imeimarishwa. Hii inavumilia kuachiwa taratibu. Halafu kuna ile ya vipande vya metali na kauri, inakuwa na vitufe vinne, vitano au sita badala ya duara zima. Hii ni ya mashindano. Haina habari ya nusu nusu: imeshika au haijashika. Vijana wa Subaru za tabo wanazipenda kwa sababu zinabeba nguvu nyingi bila kuteleza. Kwa rali sawa. Kwa mtu anayepanda Uru nyuma ya daladala inayosimama kila baada ya mita 100, maoni yangu ni kwamba umejinunulia adhabu. Itaruka kama sungura, itakwaruza flaiwili, na hakuna fundi atakayeitibu, maana haiumwi.

Kama yako ni ya nyuzi na inatetemeka hata baada ya wiki kadhaa, anza na maunti za injini na giaboksi. Fungua boneti, mtu akanyage breki, aweke namba moja, aachie klachi kidogo tu mpaka ianze kushika. Usikae mbele ya gari, kaa ubavuni! Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, maunti zimekatika. Halafu cheki jointi za propela shafti. Klachi ya zamani ilikuwa inateleza, inazificha kwa upole wake. Hii mpya inashika kwa nguvu na inazigonga zote. Ndipo unafika kwenye flaiwili yenye madoa ya bluu ya kuungua ambayo fundi alipitishia msasa tu badala ya kuipeleka kwa mkerezaji. Kukereza flaiwili ni sehemu ya kazi ya klachi, ukibania hapo umejiibia mwenyewe.

KELELE

Hapa nitakwenda haraka. Ukiwa huru, injini inawaka, sikiliza. Mlio unaoanza UKIKANYAGA pedali ni rilizi beringi. Mlio wa kuvuma unaosikika ukiwa UMEACHIA na kupotea ukikanyaga ni beringi ya mbele ya giaboksi. Mlio unaosikika umekanyaga, uko ndani ya gia na gari limesimama, mara nyingi ni pailoti beringi, ile ndogo ya katikati ya flaiwili.

Ila kuna mtego. Baadhi ya dizeli za karibuni zilikuja na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, kazi yake kumeza mtikisiko wa injini. Ukifunga seti ngumu yenye flaiwili ya kipande kimoja, utasikia kama kokoto kwenye kopo ukiwa huru, na zinapotea ukikanyaga klachi. Hiyo ni giaboksi inapokea mtikisiko uliokuwa unamezwa. Inakera, lakini si beringi. Beringi inavuma na sauti yake inapanda na mizunguko, hii inakoroma na mara nyingi inapungua ukiongeza mafuta kidogo.

MLIMA WETU NAO UNA MAMBO YAKE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wauza spea hawakuambii. Watu wengi huku wanaweka klachi ngumu kwa sababu "mlima unakula klachi". Ni kweli unakula, lakini tupige hesabu tuone unaila vipi.

Chukua gari lenye tani 3 pamoja na mzigo, kwenye mwinuko wa mita 15 kwa kila mita 100. Mlima unalivuta nyuma kwa nguvu ya kama kilo 450, yaani mifuko 9 ya saruji. Tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 37 hivi. Gia namba moja pamoja na difu kwenye pikapu kama ya mjomba zinazidisha nguvu kama mara 20. Ukigawanya, klachi inatakiwa ibebe nyutoni-mita 80 na kidogo tu ili kulishikilia gari. Injini ya 1HZ ikiwa nzima inatoa mpaka 285. Umeona? Hata klachi ya kawaida inaubeba mlima wa Kibosho bila jasho, ilimradi IMESHIKA.

Kinachoiua ni joto. Lile gari ukilishikilia mlimani kwa kuchezesha klachi, hukukanyaga breki, injini inazunguka mara 1,000 kwa dakika na sahani imesimama, unatengeneza joto la karibu wati 8,500. Piga picha pasi nane za umeme zimewashwa zote ndani ya kasha moja la chuma. Ukiongeza mizunguko ifike 2,000, zinakuwa pasi 17. Ukiondokea namba mbili kwa mazoea ya "namba moja ni ya kuvutia magari", zile mara 20 zinashuka kuwa kama 11, na joto karibu linajirudufu.

Halafu ongeza urefu kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini tuko kama mita 800 na ushee, geti la Marangu liko karibu mita 1,900. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, hewa ni nyepesi. Dereva anaona gari zito, anakanyaga mafuta zaidi, anaachia klachi polepole zaidi, pasi zinaongezeka. Klachi ngumu haikuokoi na hilo. Inavumilia kidogo zaidi, basi.

Kwa hiyo shikilia gari kwa hendibreki, na kama hendibreki yako ni ya kubembeleza kama ya mjomba, itengeneze kabla ya kununua klachi yoyote. Ondokea namba moja. Kwenye udongo au tope, gari lenye gia ndogo ya fowili weka L, mzigo wa klachi unakuwa karibu nusu. Ila usiitumie hiyo kwenye lami kavu ukiwa umefunga habu za mbele.

Na ikikukuta kama ilivyomkuta mjomba, gia hazitaki kuingia na uko mlimani, usibishane nayo. Shikilia breki ya mguu, ZIMA injini, weka namba moja (itaingia, maana hakuna kinachozunguka), achia pedali ya klachi. Injini yenyewe inakuwa breki. Utingo aweke jiwe, ndipo uachie mguu na uanze kufikiri.

KILOMITA ZA KUIZOESHA

Sahani ya nyuzi inahitaji kuzoeana na flaiwili. Watengenezaji wengi wanataka kama kilomita 500 mpaka 800 za kuondoka na kusimama kwa upole, bila mzigo mkubwa. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Ukienda Himo na kurudi mara kumi ukiwa namba tano, hujaizoesha, kwa sababu muda wote imeshika tu. Zunguka mjini, Majengo, Njoro, stendi, simama, ondoka. Mjomba aliifunga Jumatatu, Jumanne kapakia saruji. Alibahatika tu kwamba haikuungua.

IKIBIDI KUSHUSHA GIABOKSI

Ukishapima yote hayo na kupampu hakusaidii, haya, ishushwe. Lakini simama pale pale, usiende kunywa chai. Kwanza wekeni sahani ya zamani na mpya mezani, hesabuni meno ya katikati, pimeni kipenyo. Angalia upande ulioandikwa kwamba unatazama flaiwili. Sahani ikigeuzwa, kitovu chake kinagusa flaiwili na klachi haitaachia hata ukanyage na watu wawili. Flaiwili iende kwa mkerezaji. Siili ya nyuma ya injini, siili ya mbele ya giaboksi, pailoti beringi na rilizi beringi zibadilishwe wakati huo huo, ni vitu vidogo na usingependa kurudi tena kwa ajili yao. Kwenye meno ya shafti grisi ipakwe kidogo sana na ya ziada ifutwe, maana ikirukia sahani ni yale yale ya oili. Boliti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: GIABOKSI ISININGINIE KWENYE SAHANI. Nimeona kwa macho. Shafti imeingia nusu, mmoja amechoka, giaboksi inaachiwa ining'inie huku wanatafuta boliti. Uzito wote ule unapinda kitovu cha sahani. Ukiwasha gari, gia zinalia, pampu haisaidii, na klachi ni mpya ya jana. Kuweni na jeki ya kutosha au magogo yaliyopangwa tayari, na watu wa kutosha kabla hamjaanza.

Kuhusu feki, zipo. Tanzania kazi ya kupambana na bidhaa bandia iko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, lakini pale kaunta uko peke yako. Chukua risiti, tunza boksi, na spea ikitoka Kariakoo kwa basi ifunguliwe mbele yako. Ila usiruhusu neno "feki" liwe jibu la fundi asiyetaka kupima. Ya mjomba ilisemwa feki mara mbili, na mpaka leo ndiyo ile ile iko kwenye gari, inapanda Kibosho na saruji, tangu tulipobadili silinda zote mbili na hozi.

Mwenye swali atupie hapo chini, ila ataje haya, la sivyo nitakuwa nabahatisha: aina ya gari na injini, sahani ni ya nyuzi au ya vitufe, kilomita ngapi tangu ifungwe, flaiwili ilikerezwa au la, gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, na kupampu kunabadilisha nini.